Zamu Yangu ya Kuvuka Ruvuma

Sisi tuna sikukuu yetu, haimo kwenye kalenda. Waliianzisha mama zetu. Mama wa shoga yangu alikimbia vita ng'ambo ya Ruvuma na mtoto mgongoni, mama yangu akampa nusu ya chumba chake hapa Mpapura. Walipika chungu kimoja mpaka amani iliporudi, yule akarejea kwao. Wakaahidiana: kila mwaka, Ijumaa ya kwanza baada ya korosho kuuzwa, mmoja avuke mto amfuate mwenzake, na mgeni ndiye afunue chungu. Asipofunua, nyumba nzima haili. Mama zetu wametangulia, zamu tumezirithi sisi.

Mwaka jana zamu ilikuwa yangu. Na mimi, haki ya Mungu, maji nayaogopa. Wiki ile kiboko alikuwa amepindua mtumbwi. Nikampigia shoga yangu, sauti nimeilegeza: "Mwenzangu, malaria imeniangusha."

"Pole, shoga. Basi nakuja mimi."

Simu ikakatika kabla sijamkataza. Nikapiga tena na tena, hapatikani.

Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu Ijumaa ile ilikuwa ndefu, jamani! Kuku wa nazi yumo chunguni, wanangu wanakizunguka. Watu wakatoka msikitini, alasiri ikaingia, kimya. Kila bodaboda ikipunguza mwendo, nakimbilia mlangoni. Shoga yangu kuogelea hajui, kama mimi. Ana watoto watatu. Ningewaambia nini? Kwamba mama yenu amezama kwa homa ambayo sikuwa nayo? Nilijichukia. Niliswali, na kila nikisujudu naona mtumbwi umefudikizwa.

Jua limeshainama, akashuka kwenye bodaboda, kalowa mpaka kifuani, mkononi ana chupa ya maji ya muarobaini. Nikakaa chini. Akanishika paji la uso.

"Joto limeshuka, alhamdulillahi. Ila mwili wako dhaifu, shoga. Kuanzia sasa nitakuwa navuka mimi kila mwaka."

Akamimina kikombe, akanipa. Nikashindwa kukipokea.

"Sikuumwa," nikasema. "Niliogopa maji."

Akakamua pindo la khanga yake.

"Kwani mimi siogopi? Leo nimepanda mtumbwi, nikashuka tena majini mara mbili, natetemeka, ya tatu ndipo nikavuka. Lakini uliniambia unaumwa."