Mafuta ya Maandazi kwenye Taipureta

Nina taipureta tisa za umeme chumbani, na mke wangu ameshaniuliza kama siku moja nitamtoa yeye ili ya kumi ipate nafasi. Moja niliikuta Isaka, imetupwa pamoja na vyuma chakavu. Nyingine niliitoa Geita, ambako walikuwa wanazuilia mlango. Zote zinafanya kazi, nimehakikisha. Watu hudhani napenda mashine. Kusema kweli nilianza kwa sababu ya aibu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kuchambulia pamba, nje kidogo ya Shinyanga. Ofisi ilikuwa na taipureta moja ya umeme, na mpiga chapa mmoja, dada aliyemwachia mama yake mtoto mchanga akaenda Tabora kusomea kazi ile. Mashine ikaanza kulia. Mafuta ya mashine hayakupatikana popote, hata sabuni tulikuwa tunaipangia foleni. Siku moja dada hayupo, nikaitia mafuta ya kula, yaleyale ya pamba tunayokaangia maandazi. Ikanyamaza. Nikajiona bingwa.

Baada ya wiki tatu herufi zilikuwa zinakwama. Meneja akasema mbele yetu sote kwamba dada ana mikono mizito, anatwanga mashine kama mahindi, na isipopona kufikia Jumatatu atahamia kwenye mizani, kupima pamba. Mimi nilikuwa nimeshafungua kifuniko na kuona vumbi la pamba limegandana na mafuta, utando wa manjano kama kwenye kikaango cha mama ntilie. Niliogopa, nikafunga mdomo. Nikaomba tu niende nayo nyumbani.

Jumamosi niliifungua yote juu ya mkeka, nikaisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, herufi moja moja. Mafuta yote ya taa ya nyumbani yaliishia pale. Nilipoiunga, nikakuta mkanda wa mota umelowa mafuta ya taa na kulegea, haushiki tena. Nikakata tyubu ya baiskeli yangu. Mkanda wa kwanza ulikuwa mpana, wa pili ukakatika. Jumapili sikwenda kanisani. Nilikata wa tatu polepole kwa wembe, nikaapa kwamba huu utashika hata kama baiskeli nzima itaisha.

Jumatatu ofisini mashine ikanguruma, herufi zikaruka. Meneja akanipongeza, kisha akamgeukia dada na kumwambia kuanzia leo alainishe mikono. Dada akaitikia, "Ndiyo, mzee." Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, mikono yake haina kosa," nilisema. "Mimi ndiye niliyetia mafuta ya maandazi."

Meneja akamwambia dada akae, achukue karatasi. Akamtamkia barua ya onyo kali kwangu, neno kwa neno, nami nimesimama palepale. Dada alipiga chapa bila kuinua macho. Alipomaliza aliitoa karatasi, akaipeleka ikasainiwa, akaniletea mwenyewe.

"Soma, fundi," alisema. "Hakuna herufi iliyokwama."

Barua ile ninayo mpaka leo, na kila taipureta ninayoifufua, kazi yake ya kwanza ni kuinakili.