Pua ya Keinan

Kwa miaka kumi na moja Keinan Gelle alininunia kwa sababu ya chai. Kibanda changu kilikuwa kimeegemea ua wa gereji yake pale Waberi, mjini Garissa, na kila asubuhi, kabla sijaweka kikombe mezani, yeye alikuwa ameshakunja uso. "Fosia, maziwa yameshika chini." Au, "Leo umetumia sufuria ya jana." Alikuwa amesimama kule nyuma ya gari linalonguruma, mikono imejaa grisi, na bado aliinusa sufuria yangu. Nilimchukia kwa hilo, sioni haya kusema. Halafu mwaka 1996 akanyamaza. Nikampelekea chai, akanywa, akarudisha kikombe. Mimi nikajiambia hatimaye nimejua kupika.

Pua hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Watu walileta magari kutoka Griftu, wengine kutoka Ifo kwenye kambi ya wakimbizi, wakazipita gereji tatu zenye vifaa vizuri zaidi ili wafike kwake. Keinan alichuchumaa nyuma ya ekzosi, akafumba macho, akavuta moshi mara mbili, kisha akasema petroli imezidi, au hewa imezidi, au plagi ya tatu haiwaki. Hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na bisibisi na pua.

Na pua ikafa. Alipata mafua makali mwaka ule, juu ya miaka ishirini na tano ya kufyonza petroli kwa mpira na kuvuta moshi wa watu, na mafua yalipoondoka hayakumrudishia kitu. Hakumwambia mtu. Fundi wa Waberi asiyenusa angekuwa mzee tu mwenye bisibisi, na baada ya wiki mbili ua wake ungebaki na kuku. Basi aliendelea kuchuchumaa, kufumba macho, kuvuta mara mbili na kutoa hukumu. Mara nyingi alipatia, maana masikio yalikuwa mazima na mikono ilikumbuka. Ila nilimwona akichoka. Alikaa juu ya tairi kuukuu kati ya gari na gari, kichwa chini, hata hakuwa na hamu ya kugombana na mimi. Nilidhani ni umri.

Aliyelipia uchovu ule alikuwa Weris Abdirahim.

Weris aliuza maziwa ya ngamia. Alikuwa na pikapu ya petroli, ya zile injini mpya zinazoongozwa na kompyuta, na mara mbili kwa wiki dereva wake alimpeleka upande wa Modogashe kukusanya maziwa ya familia kama thelathini, kisha wakarudi Garissa kabla ya adhuhuri. Siku zile njia ile haikupitwa ovyo. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya majambazi, na msafara haukumngoja mtu. Gari likikwama, unabaki na Mungu wako.

Mvua kubwa za mwisho wa 1997 zilimkuta katikati ya laga, mkondo wa mto mkavu. Maji yakapanda mpaka kwenye viti, na kompyuta ya gari ikafa. Nyingine haikupatikana. Keinan, ambaye ujanani alifanya kazi Nairobi kwenye gereji ya magari ya mashindano, akamwandikia rafiki yake wa zamani, na mwezi wa nne kikaja kwa basi kisanduku cha chuma pamoja na kompyuta ya kukunja ya kuazima. Kisanduku kile hakikujua lolote. Kila kitu ilibidi ukifundishe mwenyewe.

Alinieleza baadaye, akichora kwa kidole kwenye vumbi la meza yangu. Kuna jedwali la namba: injini ikizunguka hivi, na mzigo ukiwa hivi, mwaga petroli kiasi hiki. Juu ya jedwali kuna marekebisho ya papo hapo. Ndani ya ekzosi kunafungwa sensa inayopima hewa iliyobaki kwenye moshi. Petroli ikizidi, sensa inasema, na kompyuta inapunguza. Ikipungua, inaongeza, gari likiwa linakwenda, bila mtu kugusa kitu. Lakini ni wewe unayeiwekea mpaka. Fundi makini huandika kwanza jedwali lake marekebisho yakiwa yamezimwa. Akiridhika ndipo anaipa kompyuta ruhusa ya asilimia tano, ifute makosa madogo ya joto na vumbi.

Keinan aliandika jedwali lake kwa kukisia, maana hakuweza kuunusa moshi wake. Alipofika kwenye ruhusa, akaandika ishirini na tano.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Nilitaka ininusie," akasema.

Na ilimnusia, miezi miwili. Pikapu ikawa inakwenda vizuri kuliko ilipotoka Dubai, na watu wakasema mzee bado ni yule yule. Hakulala vizuri hata hivyo. Alijua kwamba petroli yetu ya wakati ule, yenye madini ya risasi, huiua sensa ya aina ile polepole. Alijipa moyo kwamba itachukua mwaka.

Mwezi wa sita Weris alisimamisha pikapu mbele ya gereji, injini ikiwaka, akateremka. Alimwita Keinan aboowe, yaani kaka, naye alimwita abaayo, dada.

"Aboowe, hii gari inanuka petroli. Kuja unuse."

Keinan akaja. Akachuchumaa, akafumba macho, akavuta mara mbili. Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika, na macho yangu yalikuwa yanatoka machozi kwa ule moshi.

"Iko safi, abaayo."

"Safi?"

"Safi kabisa. Ni joto tu hiyo."

Weris akamtazama, akanitazama. Mimi, mwenye ulimi ambao mtaa mzima unaujua, nikanyamaza. Nilijiambia fundi ni yeye. Hilo nalibeba mpaka leo.

Sensa ilikuwa imekufa. Kila dakika iliiambia kompyuta kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta, ambayo ilikuwa imepewa ruhusa, iliongeza. Iliongeza mpaka ikafika mwisho wa ruhusa, ikakaa hapo. Jumatano, wakirudi kutoka Modogashe, tangi lilikauka kilomita arobaini kabla ya Garissa. Kwa kawaida walifika na robo nzima, kwa hiyo jerikani ya akiba walikuwa wamewaachia watu waliokwama kule walikotoka. Askari waliwapa dakika kumi, hakuna aliyekuwa na petroli ya kugawa, msafara ukaondoka. Weris na dereva walikaa chini ya pikapu kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, wakishtuka kila kijiti kilipovunjika. Hatimaye lori la mbuzi likawavuta. Maziwa yote ya familia zile yalimwagwa kando ya barabara, na wao wakafika mjini wakiwa hai, alhamdulillahi.

Asubuhi yake Weris alikuja kwa miguu, amebeba jerikani mbili ndogo, moja kila mkono. Nilijua atapiga kelele. Nilitamani apige.

Sasa, mtu asiye wa kwetu aelewe jambo moja. Mwanamke wa maziwa hachanganyi jerikani na jerikani bila kunusa. Maziwa ya kila familia yanakuja kivyake, kwenye chombo kilichofukizwa moshi kivyake, na yeye anafungua kifuniko, anainamisha kichwa, ananusa, ndipo anamimina pamoja na mengine. Jerikani moja iliyoharibika inaua zote. Wanawake hawa hawaangalii, hawaonji. Weris alikuwa amenusa maziwa ya watu kwa miaka kumi na tano.

Aliziweka jerikani chini mbele ya Keinan, akafungua vifuniko.

"Aboowe, moja ni ya jana, moja ni ya leo asubuhi. Nisaidie. Ya jana ni gani?"

Mtoto wa miaka mitano angejua. Keinan alizitazama zile jerikani za rangi ya manjano, mdomo mwembamba, ndani giza. Akachuchumaa. Akafumba macho. Akavuta mara mbili kwenye ya kwanza, mara mbili kwenye ya pili.

"Hii," akasema, akigusa ya kushoto.

Weris akaiinua ile ya kushoto akaimimina mchangani. Yalikuwa maji. Akainua ya kulia akaimimina. Maji.

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilikuwa na hasira ambayo ingetosha kumvunjia birika kichwani.

"Tangu lini?" Weris akauliza.

"Miaka miwili."

"Mimi nilikuambia unuse. Ukaniambia safi."

"Nilikuambia."

"Ningekufa pale, Keinan." Hakumwita aboowe.

"Ndiyo." Alikuwa bado amechuchumaa. "Nimechoka, Weris. Wallahi nimechoka kufumba macho."

Nilidhani Weris ataondoka. Alisimama akaifunga jerikani moja, akaifungua tena.

"Usinichokee mimi," akasema. "Msafara ni Jumamosi. Kila mama kule atakamua kama kawaida, na mimi siwezi kuwaambia fundi yangu ametaka kupumzika. Hiyo gari kuna mwingine anaweza hicho kisanduku?"

"Hapa Garissa, hakuna."

"Basi amka."

Akaamka. Alitoa plagi za pikapu, iliyovutwa mpaka uani jana yake, zote nyeusi kama chini ya sufuria. Aliifungua sensa, akanionyesha ncha yake iliyoganda ukungu wa kijivu, akaitia mfukoni. Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva na kompyuta ya kukunja mapajani, akatafuta mahali pa ruhusa, akafuta ishirini na tano, akaandika sifuri.

"Sasa haitarekebisha kitu," alisema. "Nikikosea, nimekosea mimi."

"Na utajuaje umekosea?" nikamuuliza.

Keinan alimtazama Weris. Ilimchukua muda kulitoa neno lile. Nadhani halikuwahi kupita mdomoni mwake tangu azaliwe.

"Abaayo, ninusie."

Weris akakaza ushungi, akakunja nguo katikati ya magoti, akachuchumaa nyuma ya ekzosi pale pale Keinan alipochuchumaa miaka yote ile. Injini ikawaka.

"Imezidi," akasema. "Nzito. Inakaa kwenye koo."

Keinan akapunguza namba.

"Bado."

Akapunguza.

"Bado kidogo. Haya, sasa imekuwa kali, inachoma juu ya pua. Rudi. Rudi kidogo tu. Hapo."

"Hapo?"

"Nimesema hapo. Mimi naweza kudanganya?"

Keinan alilimeza hilo, akaandika. Walifanya hivyo kwa siku mbili, mzunguko wa injini mmoja baada ya mwingine, Weris akienda kunawa macho kwangu na kurudi. Kwa mbio kubwa, ambako pua haifiki, walikwenda barabara ya darajani na magunia ya mchanga nyuma. Keinan aliikanyaga mpaka mwisho, akazima ghafla, akasimama kando ya njia kutoa plagi na kuisoma rangi yake. Alirudi amekauka kwa vumbi, akalala chini ya makuti ya kibanda changu bila kuvua viatu. Sikumfukuza.

Ijumaa baada ya sala alifunga kitu cha mwisho. Alichukua kitufe cha kuzungusha cha redio mbovu, akakiunganisha na kisanduku, akakipachika kwenye dashibodi upande wa abiria, mahali anapokaa Weris.

"Kushoto inapunguza petroli, kulia inaongeza," alimwambia. "Asilimia tano kila upande, haipiti hapo. Ile ruhusa ya kompyuta, nimekupa wewe. Mkisimama, shuka, nusa, zungusha."

Weris alikigusa kile kitufe kwa kidole kimoja. "Na ikinishinda?"

"Haitakushinda," akasema Keinan. "Wewe hujawahi kuniambia uongo."

Jumamosi nilikaa kibandani nikiitazama barabara mpaka shingo ikauma. Msafara uliingia mjini kabla ya adhuhuri, gari la askari, basi, halafu pikapu ya Weris, jerikani zimepangwa nyuma mpaka juu. Hakusimama. Maziwa hayangoji. Dereva alipiga honi mara moja, na Weris akatoa mkono dirishani, vidole viwili juu na cha tatu kimekunjwa. Ndiyo ishara waliyokuwa wamepatana: tangi limebaki na zaidi ya robo. Keinan aliinua mkono wake nusu, akaurudisha, akaenda kukaa juu ya tairi lake. Nilimwona akijifuta uso kwa kitambaa chenye mafuta, akauchafua zaidi.

Ningependa kusema mambo yalimnyookea. Jumatatu alikuja mtu kutoka Griftu na gari linalokohoa, akamwambia kama walivyomwambia wote, "Mzee, ninusie hii." Wateja wanne walikuwa mezani kwangu. Keinan akasimama wima nyuma ya ekzosi.

"Sinusi tena," akasema. "Pua imekufa, mwaka wa pili huu. Nitaisikiliza injini yako na nitasoma plagi zako. Ukitaka pua, nenda kwingine."

Yule mtu akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, akapanda gari lake akaondoka. Wawili kati ya wateja wangu nao hawakuleta magari yao tena. Mwisho wa mwezi ua ulikuwa na magari machache, na kuku wawili, kama alivyohofia.

Asubuhi ile ile ya mtu wa Griftu nilimpelekea chai. Hakuinywa. Aliishika kwa mikono miwili, akanitazama, akainua kikombe mpaka karibu na uso wangu, mbele ya watu wote.

"Fosia," akasema, "hii chai imeungua?"

Nikanusa. Ilikuwa imeungua. Ilikuwa imeungua kwa miaka miwili, nami nilijua, nikimpa kwa sababu hakusema kitu.

"Imeungua, aboowe."

"Basi nipe nyingine."

Nikaimwaga, nikasugua sufuria, nikaanza upya.