Alama ya Chaki ya Bi Nyundo

Kabla hajawa Bi Nyundo, alikuwa mfagiaji wa yadi ya treni, mwenye cheti cha darasa la saba na masikio yasiyolala. Siku moja, akifagia kati ya reli, alimwambia mkaguzi kuwa gurudumu alilolipita sasa hivi lina ufa. Mkaguzi akacheka, akarudi kuligonga tena, kicheko kikakatika. Gurudumu zima likigongwa huimba. Lenye ufa hukohoa. Mwezi uliofuata ufagio wake ulishikwa na mtu mwingine, naye akapewa nyundo ya mpini mrefu na kipande cha chaki. Aligonga magurudumu miaka thelathini na mmoja.

Nyundo ilimpa jina, lakini chaki ndiyo iliyompa heshima. Behewa alilolichora mistari miwili iliyokatana halikutoka yadini, hata liwe limebeba mzigo wa nani. Na yadi ilikuwa na sheria: aliyechora alama ndiye peke yake wa kuifuta. Wakubwa walimbembeleza, wengine walimfokea, yeye akaendelea kunywa chai yake. Hakufuta hata moja. Jambo hilo wageni wa nyumbani kwake walilisikia kabla hawajamaliza kuvua viatu.

Alipostaafu, mumewe, aliyekuwa mtu wa ishara za reli, alianza kuunda treni ya kuchezea, ingawa ukiiita ya kuchezea alinuna siku mbili. Mabehewa kumi na tano ya mizigo, kila moja urefu wa kiganja, ya mbao za masanduku ya matunda na bati la makopo. Kichwa cha treni alikinunua. Kilitembea kwa umeme mdogo uliopita ndani ya reli zenyewe. Kwa miaka minne reli hizo zililala chini ya kitanda, mpaka ukumbi wa wastaafu ukapata meza ndefu.

Tatizo ni kwamba wacheza drafti nao waliitaka meza hiyohiyo. Mwenyekiti, dereva wa treni wa zamani, akaamua: Jumamosi, treni na mabehewa yake yote izunguke mara kumi bila kuanguka. Ikianguka, meza ni ya drafti.

Na ilikuwa inaanguka. Mume aliweka magurudumu ya plastiki, mepesi kama maganda ya karanga, na kila ilipofika kwenye kona, behewa la sita au la saba liliruka reli na kuwavuta wenzake.

"Shemeji," mwenyekiti alimwambia Bi Nyundo, "treni yenu ni ya kutembea au ya kulala?"

"Wewe uliendesha ya kweli ukachelewa kila siku," alijibu. "Tuache."

Lakini njiani kurudi nyumbani alimwambia mumewe, "Magurudumu nachagua mimi. Hukunishirikisha, ona sasa."

"Nilijua utasema."

"Ulijua na hukufanya."

Binti yao, fundi umeme, akawaagizia boksi la magurudumu ya chuma yaliyokwisha kufungwa kwenye ekseli, vile vyuma vya katikati: ekseli thelathini, mawili kila ekseli, zinatosha mabehewa yote bila kubaki hata moja. Lilifika Jumatatu. Bi Nyundo alifunga dirisha, akazima redio, akaining'iniza ekseli ya kwanza kwa uzi na kuigonga kwa sindano ya kufumia. Gurudumu la kushoto liliimba. La kulia likatoa sauti ya kitu kilichofunikwa blanketi. Akajaribu ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Kila moja ilikuwa na gurudumu moja zima na moja bubu.

"Mabovu," alisema. "Yote."

"Umegonga sita tu, mama watoto."

"Sita zinanitosha."

Akalifunga boksi, akatoa chaki kwenye mkebe wa vifungo, akachora mistari miwili iliyokatana juu ya mfuniko. Mumewe aliitazama alama ile, akaenda kumwagilia maua. Alikuwa ameishi na chaki hiyo muda mrefu kiasi cha kujua wakati wa kunyamaza.

Bi Nyundo akaenda karakana ya zamani kwa fundi wa kukereza vyuma, akamkalisha kwenye mashine siku tatu. Zilitoka ekseli thelathini za chuma kitupu, na kila gurudumu lilipogongwa liliimba. Ijumaa asubuhi zilifungwa kwenye mabehewa, treni ikapangwa sebuleni, mume akabonyeza swichi. Kiboksi cha umeme kikawaka taa nyekundu. Treni haikusogea hata unene wa ukucha. Akabonyeza tena. Nyekundu.

"Yameimba mpaka umeme umesinzia," mume alisema.

"Kaa kimya wewe, muite mwanao."

Binti alifika mchana akiwa bado na mkanda wa kazi kiunoni. Aliondoa mabehewa, kichwa cha treni kikakimbia. Akarudisha moja, kikasimama.

"Mama, umeme unapanda reli hii na kurudi kwa ile. Ukiweka chuma kitupu kutoka gurudumu hadi gurudumu, umezifunga reli zote mbili pamoja. Ndiyo maana yale niliyokuletea, gurudumu moja lina kipete cha plastiki pale linaposhika ekseli. Linazuia umeme usivuke. Yako wapi?"

Mume alielekeza kidevu kwenye kabati. Binti akalichukua boksi, akaiona alama, akaliweka mezani bila kulifungua. Alikulia nyumba hiyo.

"Sikio lako halikukosea," alisema taratibu. "Lile lenye plastiki ni bubu kweli. Ila halina ugonjwa."

Bi Nyundo alikaa. Kilichomuuma si plastiki, maana plastiki haikuwahi kupita yadini kwake. Kilichomuuma ni zile ishirini na nne ambazo hakuzigonga. Miaka yote ile hakuwahi kulihukumu behewa kwa kosa la jirani yake. Chai ikapoa.

Mwishowe akalamba kidole gumba, akaifuta alama, mstari mmoja kisha wa pili.

"Leteni uzi," alisema.

Safari hii aligonga zote, akitafuta kinyume: moja liimbe, moja liwe bubu. Ya kumi na tisa iliimba pande zote mbili. Akaigonga tena. Iliimba.

"Hii ina kasoro."

Binti akachomoa kipimo chake cha umeme, akagusisha huku na huku. Kikalia. "Kipete kimepasuka. Umeme unavuka." Akamtazama mama yake. "Mimi ningepima tatu nne tu, nikaacha."

"Najua," alisema Bi Nyundo. "Umenirithi."

Jumamosi ukumbini, treni ilisimama mezani ikiwa na mabehewa kumi na manne. La kumi na tano, lenye ekseli ile yenye kasoro, lilikuwa pembeni, kwenye reli ya peke yake, na ubavuni lina alama ya chaki ndogo kama mguu wa nzi.

"Tulisema yote," mchezaji mmoja wa drafti alidai. "Kumi na tano. Limeshindwa hilo."

Mwenyekiti aliinama, akavaa miwani. "Shemeji, na lile?"

"Limekataliwa."

"Si ulibandike tu lizunguke, wamalize kelele?"

"Limekataliwa."

Mwenyekiti akavua miwani. "Nimeendesha treni miaka ishirini na sita," aliwaambia wa drafti, "na sijaondoka hata siku moja na behewa lililochorwa na huyu mama. Sianzi leo. Bonyeza, mzee."

Treni ilizunguka mara kumi, na mara ya kumi na moja kwa sababu mume alisahau kuhesabu. Wa drafti wakapewa kona moja ya meza, karibu na mlango, penye upepo.

Siku hizi wageni wa Bi Nyundo huvua viatu polepole zaidi. Anawaambia kuwa katika maisha yake amefuta alama moja tu, na hawaruhusiwi kukaa mpaka wasikie kwa nini.