Ankica na Kiwanda Kilichouzwa kwa Wenyewe

Ankica Vrbanec alifuma soksi kiwandani kwetu katika mji wa Varaždin, Yugoslavia ya zamani, zaidi ya miaka thelathini, mashine yake ikipakana na yangu. Alikuwa mwanamke wa kushuku. Hata mkate wa dukani aliunusa kwanza.

Lakini soko hakulishuku. Mwaka 1965 mkurugenzi Dragutin, kijana aliyetoka tu chuoni, alitueleza kwamba serikali itakaa kando, viwanda vitashindana, na baraza la wafanyakazi ndilo litakaloamua. Ankica alikuwa mjumbe wa baraza. Alinyoosha mkono kabla ya wote. Na kweli tulishindana: soksi zetu zilifika Vienna, na baraza likajenga ghorofa ninamoishi mpaka leo.

Mwaka 1990, ujamaa ukianguka, Dragutin alirudi kutoka semina na mgeni wa viatu vinavyong'aa. Dragutin akahutubia yale yale ya zamani: soko, ushindani, ufanisi.

"Umesikia?" Ankica akaninong'oneza. "Wafanyakazi hajawataja hata mara moja."

Dragutin akatangaza kwamba kila mtu atanunua hisa kwa bei nafuu. Ankica akainuka.

"Ndugu mkurugenzi, kiwanda hiki cha nani?"

"Chetu sote, dada Ankica. Ila siku hizi tunaitana bwana."

"Haya, bwana. Kama ni chetu, tunakinunua kwa nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mgeni akauliza kuna nini, hakuna aliyemtafsiria.

"Wewe unashuku hata kivuli chako!" Štefica wa ghalani akamkemea. "Keti, tupige kura."

Ankica alikataa peke yake. Mimi nilikubali.

Vikaja vita, mishahara ikakwama. Dragutin akapita nyumba kwa nyumba akinunua hisa zetu. Kwangu alikuja na kahawa na sukari, nikamuuzia. Baada ya miaka michache akafunga kiwanda, mashine zikapakiwa kwenye malori. Ankica akamkabili getini.

"Ulikuwa umepanga haya tangu sitini na tano?"

"Mimi nimehubiri soko maisha yangu yote. Na wewe ulinipigia kura."

"Nilipigia kura soko. Bwana sikumpigia."

Dragutin akaingia garini. Mpaka leo sijui kama alitudanganya au alibadilika njiani. Ankica anasema anajua.

Mimi, kwa zile hisa nilizouza, hakunisemesha miaka miwili. Sasa huja Jumamosi tunywe kahawa, ila hujimiminia mwenyewe.