Hisa za Kesho

Mimi sijawahi kutulia. Mama alikuwa akisema hata usingizini miguu yangu inatafuta barabara. Kazi ya kupitisha mizigo mpakani Malaba ilinifaa, maana kutwa ni kukimbia na makaratasi kutoka lori hadi lori. Kwa hiyo nilijishangaa nilipoanza kukaa kila asubuhi na kufunga macho ili nione kesho.

Nilijifunza kwenye simu. Kuna watu wanaodai akili ya mtu inaweza kuona leo kitu atakachoonyeshwa kesho, na kwamba hivyo unaweza kujua hisa zitapanda au zitashuka. Dada yangu mkubwa, mjane anayeuza samaki Busia, alikuwa amelipwa fidia ya ajali iliyomuua mumewe. Hakuwa na akiba nyingine. Alitaka kuitia yote kwenye hisa za kampuni moja ya Nairobi, ila kwanza mimi nimwangalizie kesho.

Kila asubuhi dada alinijia Malaba na vitu viwili vipya ndani ya makopo mawili, kimoja cha kupanda, kingine cha kushuka. Mimi nilichora, bila kuona ndani, kitu nitakachoonyeshwa kesho yake soko likifungwa. Hisa zikipanda, angefungua kopo la kupanda tu; zikishuka, la kushuka. Kwa hiyo mchoro wangu ukifanana na kitu cha kupanda, ni dalili ya kununua.

Siku ya kwanza nilichora duara lenye mikia miwili. Kesho yake hisa zikapanda, dada akatoa saa ya mkono ya marehemu. Halafu nikachora mkanda wake, halafu kofia. Tulijaribu hivyo wiki tatu bila kununua chochote, na nilipatia karibu kila mara. Nikavimba kichwa, nikawa nawaonea huruma maajenti wenzangu.

Alhamisi moja dereva aliyekuwa kwenye foleni alinichokoza. "Boss, kama unajua kazi, niambie nimebeba nini."

Turubai lilikuwa limefungwa kabisa. Nikatazama tairi zilivyobonyea, nikataja simiti, nikataja vigae. Nilipotaja vigae akakwepa macho yangu.

"Vigae," nikasema.

"Wewe ni mchawi."

Uchawi gani? Ajenti yeyote hapa husoma mzigo kwa tairi na uso wa dereva. Hapo ndipo nikaelewa. Dada alitaka sana hisa zipande, kwa hiyo kopo la kupanda alilitilia vitu vya mumewe, na kila asubuhi alikuja na uso wa msiba. Vitu vya shemeji nilivijua vyote. Nilikuwa nikimchora marehemu, na hisa zilikuwa zikijipandia zenyewe.

Nikachukua bodaboda mpaka Busia. Nilimkuta akigeuza samaki juani.

"Dada, usinunue. Mimi sioni kesho. Nilikuwa nasoma uso wako tu."

Akajifuta mikono kwa leso. "Nilinunua jana. Kwa pesa zote."

"Si tulisema ungoje nikuambie?"

"Si ulikuwa unaona kila siku? Nikasema nisikusumbue."

Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ya pili ninayo mpaka leo. Dada akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Haya, ndugu yangu. Kama unasoma uso, niangalie vizuri, uniambie kama zitapanda."

Nikainamia simu kutafuta bei ya siku hiyo. Sikuweza kuinua macho.