Miiba ya Ngogo wa Mohoro

Bi Mwamvua Mshamu amekula samaki wa bwawa la Mohoro tangu alipoota meno, na kwa kukausha ngogo wa bwawa hilo amesomesha watoto wanne. Aliposikia kwamba bwawa linafungwa, hakulia. Aliacha samaki juu ya moto, akaenda ofisi ya kijiji na harufu yake yote ya moshi.

Huko mtafiti, Dk. Haitham, alikuwa akiwaeleza watu kwa upole. Vinasaba vimeonyesha kwamba ngogo wa Mohoro si aina moja na ngogo wengine wa Rufiji. Wako hapa tu, duniani kote. Kwa hiyo migono ya kunasia samaki isitegwe tena bwawani.

"Hao samaki uliwatoa wapi?" aliuliza Mwamvua.

"Hapa hapa, mama. Niliwanunua sokoni kwenu."

"Sokoni! Kwani samaki huzaliwa sokoni?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Hebu tuonyeshe picha zao."

Haitham akageuza kompyuta. Ngogo kumi na wawili, kila mmoja na namba yake. Mwamvua akainama, damu ikampanda.

"Miiba iko wapi? Huyu kavunjwa, na huyu, na huyu! Watu wa Ngorongo, huko mbali, ndio wanaovunja miiba kabla ya kupakia, wasichomwe njiani. Sisi hatuvunji, maana tunawatundika kwa miiba hiyo hiyo juu ya moshi. Umenunua samaki walioletwa na lori, ukawaandika wetu! Na siku ile sokoni nilikwambia hao si wetu. Ukajibu, 'Asante, mama,' ukaendelea kuandika."

Haitham akazikuza picha, moja baada ya nyingine. "Vinasaba havikosei," alisema.

"Havijakosea. Umekosea wewe."

"Basi msimu ujao nitarudi kuchukua sampuli nyingine."

"Na mpaka msimu ujao wajukuu zangu wale kompyuta? Inuka, baba. Leo!"

Mwenyekiti wa kijiji akakohoa, akatamka kwamba bwawa halifungwi mpaka majibu mapya yatoke.

Wakaenda. Mwamvua akavuta mgono wake mwenyewe, akatoa ngogo mmoja mmoja, miiba imesimama, wakilia kwa ukali mkononi mwake, kama ilivyo kawaida ya ngogo. Haitham akakata vipande vya mapezi, akavitia kwenye vichupa. Kwa kila kichupa Mwamvua akamtaka asome kwa sauti alichoandika: bwawa la Mohoro, mgono wa Mwamvua.

Alipomaliza, mtafiti akanyoosha mkono kwenye kapu la samaki, akatwaa mmoja.

"Weka chini," alisema Mwamvua. "Vipande ni vyako. Samaki ni wangu."