Madodoso Arobaini na Mawili

Jina la Soli tulimpa sisi wenzake wa kazini, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Alikuwa mdodosaji. Alibeba madodoso, yaani karatasi za maswali ya utafiti, akayapeleka kwa wenye majibu, mlango kwa mlango, jua kali au matope. Viatu vyake havikuwahi kumaliza miezi minne. Fundi viatu wa kona alikuwa akimwona tu kwa mbali, anafungua gundi kabla ya salamu.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kazi hiyohiyo. Yeye analeta karatasi, mimi nazihamishia kwenye kompyuta. Taasisi yetu ya utafiti ilikuwa na vyumba vinne juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mabati yakishushwa huko chini, vikombe vyetu vinalia mezani. Kwa miaka kumi na mmoja nilisoma mwandiko wa Soli kuliko nilivyosoma barua za ndugu zangu. Pembeni mwa majibu alikuwa na tabia ya kuandika vijineno ambavyo hakuna aliyemwomba. "Mama huyu alinyamaza kwanza, ndipo akajibu." "Mume alikuwa karibu, nirudi kesho." Safari moja alirudi mwendo wa saa mbili kwa miguu kwa sababu mfinyanzi mmoja aliruka swali la kumi na tisa. Nilipomcheka alinijibu, "Dada, huenda hilo moja ndilo angelisema kwa moyo wake wote. Wewe unajuaje?"

Utafiti uliomwangusha ulikuwa wa benki moja isiyotoza riba. Benki hiyo iliingia ubia na vikundi vya uzalishaji: inanunua mashine nusu kwa nusu na wenye kikundi, faida wanagawana, na hasara ikija wanagawana pia. Bodi yake ilitaka kujua kama matawi yameinua uchumi wa kanda yetu, na kama vikundi vilivyoingia ubia vinafanya kazi vizuri kuliko zamani. Miji mitano, wahojiwa arobaini na wawili kila mji. Kiongozi wa utafiti tulimwita Daktari, ingawa hata kidonda hakujua kukifunga; udaktari wake ulikuwa wa vitabu.

Dodoso lenyewe lilikuwa rahisi. Unasomewa sentensi, kwa mfano "Ubia huu umeongeza ajira hapa mjini," nawe unachagua namba. Moja, sikubali kabisa. Tano, nakubali kabisa. Tatu, katikati, sina hakika.

Soli alimaliza miji minne bila doa. Ukabaki wa tano, mji wa ngozi, ng'ambo ya milima, safari ya kutwa nzima. Wiki hiyo mkewe alizidiwa. Figo zilikuwa zimemsumbua kwa miaka miwili, akienda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Sasa walimlaza kabisa, na muuguzi akasema asikose mtu wa kukaa naye mchana. Watoto hawakujaliwa. Dada wa mgonjwa alikuwa mbali, naye ana wagonjwa wake.

Soli akaenda kwa Daktari kuomba wiki mbili. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia yote.

"Bodi inakutana tarehe kumi," Daktari alisema, huku akitafuta miwani yake kwenye makaratasi. "Kama huwezi, niambie leo nimtafute mwingine. Lakini mkataba wako itabidi tuufunge hapo."

"Mke wangu anaumwa, Daktari."

"Pole sana. Nani hana mgonjwa?"

Soli aliunyanyua mfuko wa madodoso. "Nitaenda," akasema.

Hakwenda. Alikaa siku tatu kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, nje ya wadi ya wanawake, mfuko wa madodoso magotini. Alinunua kalamu nne za wino tofauti. Aliandika kwa mkono wa kulia, akaandika kwa wa kushoto. Umri akabuni, kazi akabuni. Kila lilipofika swali zito aliweka tatu, maana, kama alivyoniambia baadaye, alidhani tatu haina madhara: haimsifu mtu wala haimsingizii.

Saa ya kutazama wagonjwa aliingia na karatasi zake, akaendelea kando ya kitanda. Mkewe akageuza kichwa.

"Unaandika nini?"

"Kazi."

"Kazi yako mbona ni ya kuuliza watu? Sikusikii ukiuliza mtu."

Soli akageuza karatasi nyingine. Mkewe alimtazama mpaka usingizi wa dawa ukamchukua, na jambo hilo hawakulizungumza tena. Siku kumi na tisa baada ya hapo, asubuhi, alikata roho wakati Soli amekwenda kumnunulia maji ya kunywa.

Madodoso ya mji wa tano yalikuwa yameshafika mezani kwangu kabla ya msiba. Nilipoyafungua nilijua. Hakuna karatasi iliyokunjika, hakuna alama ya kidole chenye vumbi, na pembeni hakuna neno hata moja. Arobaini na mawili, meupe kama nguo ya duka. Ningeweza kusimama, nitembee hatua sita hadi mlango wa Daktari. Nikajiambia mtu ana mgonjwa, na ni mji mmoja tu kati ya mitano. Nikaingiza namba: tatu, tatu, nne, tatu, mbili, tatu. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimemaliza, na kwa kawaida mji mmoja hunichukua siku mbili.

Ripoti ilitoka yenye jalada la kung'aa. Miji minne ilionekana inapanda. Wa tano ulilala bapa, ukurasa wa sitini na tatu ulisema wakazi "hawaoni mchango wa dhahiri wa taasisi hiyo katika maisha yao." Bodi ilisoma ukurasa huo kuliko kurasa zote. Miezi miwili haikupita, wakafunga tawi la mji wa ngozi ili nguvu zipelekwe kule zinakoonekana. Na kwa kuwa nusu ya mashine ilikuwa mali ya benki, ubia ulipovunjwa wakaja na lori, wakakilipa kikundi chenye kiwanda cha ngozi thamani ya nusu yake, wakaondoka na pipa kubwa la kuzungushia ngozi. Bila pipa lile, kiwanda kilikuwa mashimo ya maji machafu na watu thelathini na mmoja waliosimama.

Haya yote tuliyajua siku alipokuja msimamizi wa kiwanda. Mwanamke mrefu, mikono imebabuka mpaka kwenye viwiko kwa dawa za ngozi. Alipanda ngazi na ripoti kwapani, akasalimia kila mmoja wetu kwa zamu, kisha akaifungua mbele ya Daktari.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, mheshimiwa. Hapa pameandikwa wahojiwa arobaini na wawili. Mji wetu mdogo, mgeni akikohoa stendi tunamsikia sokoni. Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Sijampata hata mmoja aliyehojiwa. Hao watu ni kina nani?"

"Mama, watu husahau," Daktari alisema kwa upole. "Karatasi ni za siri, hazina majina."

"Watu arobaini na wawili wamesahau kwa pamoja?"

Soli alikuwa kwenye meza yake karibu na dirisha. Alivua kofia, akasimama. Tangu azike alikuwa amekonda, shati linamcheza mabegani.

"Hawajasahau," akasema. "Mimi sikufika. Nilijaza mwenyewe."

Huko chini mtu alikuwa anakata nondo kwa msumeno. Yule mama alimtazama Soli kwa muda mrefu, na nilidhani atamtukana. Aliuliza tu, "Kwa nini?"

"Mke wangu alikuwa anakufa."

"Pole, baba." Kisha, baada ya kuvuta pumzi: "Na wangu je? Wale thelathini na mmoja, nikawaambie nini?"

Daktari aliingilia, akasema suala litafuatiliwa, akamsindikiza hadi kwenye ngazi. Aliporudi alifunga mlango, akatuambia sote tusikie. Ripoti imeshachapishwa. Tukiirudisha, awamu ya pili ya utafiti inakufa, na mishahara ya watu tisa imo ndani yake, na mimi mmojawapo. Akamwambia Soli aende nyumbani, huzuni inamchanganya.

Soli alikwenda benki badala ya nyumbani. Ofisa aliyempokea alimsikiliza vizuri, akampa kiti. "Mzee wangu," akamwambia, "mimi nina ripoti yenye muhuri. Wewe una mdomo. Niipelekee bodi kipi?"

Basi akafanya alichopaswa kufanya mwanzo. Alichukua madodoso matupu arobaini na mawili, akapanda basi kwa nauli yake, akaenda mji wa ngozi. Siku ya kwanza hakuna aliyemfungulia. Kijana mmoja alimrushia ndoo ya maji ya ngozi, na harufu ile haikumtoka wiki nzima. Siku ya pili msimamizi alimtolea kigoda kwenye ua wa kiwanda, akawaita watu wake. "Mjibuni," akasema. "Mkitaka kumpiga, mpigeni akishamaliza kuandika."

Wakajibu. Nilikuja kuyasoma majibu hayo na yalikuwa mwandiko wake wa zamani, pembeni kumejaa. Nyingi zilikuwa tano. Mtu aliyekuwa kibarua wa msimu alipata kazi ya mwaka mzima; mwingine alirudi kutoka ugenini kwa sababu kwao kuna kazi. Lakini hazikuwa sifa tupu. Mwosha ngozi mmoja alitoa moja kila mahali: benki ilileta pipa, dawa zikaongezeka maradufu, na glavu hakuna aliyewaletea. Soli aliandika pembeni: "Kucha zimemtoka nne. Alinionyesha." Hilo nalo lilikuwa neno ambalo bodi ingefaa kulijua, wala tatu zake za kubuni zisingelisema kamwe.

Nilibaki ofisini jioni mbili baada ya wenzangu kutoka, nikayaingiza majibu hayo. Mji wa tano ulipanda kuliko yote isipokuwa mmoja. Tulipeleka matokeo kwa Daktari pamoja, Soli na mimi. Daktari aliyatazama, na nitasema haki: aliyasoma mpaka ukurasa wa mwisho. "Haya yamekusanywa baada ya tawi kufungwa," akasema hatimaye. "Watu wana hasira. Kisayansi hayafai." Siku hiyo hiyo mkataba wa Soli ulifungwa. Wangu haukuguswa. Tukapeleka nakala benki. Jibu lilikuja baada ya wiki saba, mistari minne, kwamba uamuzi ulifanywa kwa ushahidi uliokuwapo na pipa limeshafungwa kwenye kiwanda cha mji mwingine.

Kiwanda cha ngozi hakikufunguliwa tena. Msimamizi alihamia kwa mwanawe wa kike, na nasikia anafua mashuka ya nyumba ya wageni. Mwosha ngozi alifariki mwaka uliofuata. Kwa nini, hakuna aliyeuliza wala aliyepima.

Soli hakupata tena kazi ya kuuliza watu. Taasisi za utafiti ni chache na watu wake hujuana. Mwenye duka la chini alimhurumia, akampa kazi ya kubeba saruji na kuhesabu mifuko. Kila asubuhi nilimpita nikipanda ngazi, tukasalimiana, yeye hakupanda hata siku moja. Awamu ya pili ilianza na wadodosaji wapya, vijana wenye simu badala ya karatasi. Mimi niliendelea kuingiza namba.

Mwaka mzima ulipita ndipo nikapata ujasiri. Nilishuka mchana, nikamkuta kakaa juu ya mifuko, nywele nyeupe kwa vumbi la saruji.

"Kaka," nikasema, "yale madodoso ya kwanza. Mimi nilijua."

"Najua ulijua."

"Ulijuaje?"

"Uliniletea kiti kwenye msiba ukakiweka ukaondoka. Miaka yote hiyo, hujawahi kupita karibu yangu bila neno." Alifuta macho kwa kiwiko, sijui kwa vumbi au kwa nini. "Nilingoja useme. Kila siku nilikuja kazini nikisema leo atasema, atanitua huu mzigo. Baadaye nikaona na wewe una watoto wa kulisha."

Nilitaka kumwomba radhi. Mteja akaingia, akaitisha mifuko sita, na mwenye duka akamwita. Soli akainama, akaweka mmoja begani, akatoka nao nje kwenye mkokoteni.